Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Elimu Maalumu: Mtoto wa Samunge Afundishwe Kuutumia Mwili Wake

Kwa Waheshimiwa viongozi wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Taasisi ya Elimu Tanzania. Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro na jirani yake Halmashauri ya Wilaya ya Karatu.

Waheshimiwa,

Kwa heshima inayostahili nyadhifa zenu, barua hii inaletwa mbele yenu na mbele ya wananchi kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili wanaokulia Samunge, wilayani Ngorongoro, na vijiji vya jirani, ambao wanahitaji kufundishwa stadi za viungo, yaani ustadi wa kuutawala mwili katika kukaa, kusimama, kutembea, kurusha, kudaka, kushika, kufunga na kufungua. Barua haiombi huruma, kwa kuwa huruma watoto hawa wameshapewa ya kutosha na haijawavalisha shati. Inaomba mwalimu aliyefunzwa, muda uliotengwa katika ratiba, na daftari la maendeleo ya kila mtoto, na inaeleza kwa nini mambo hayo matatu yamecheleweshwa kupita kiasi.

Ulemavu wa akili, kwa maana inayotumiwa na wataalamu wa elimu maalumu, ni hali inayoanza utotoni ambamo uwezo wa mtu wa kujifunza na kufikiri uko chini sana ya wastani, na wakati huohuo mtu huyo anapata shida kubwa katika mambo ya kila siku kama vile kujihudumia, kuwasiliana na kuishi na wenzake. Hali hiyo si wazimu wala haiambukizi, na haipaswi kuchanganywa na mtindio wa ubongo, ambao kwanza huvuruga utawala wa misuli, ingawa mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Vyanzo vyake ni vingi: sindromu ya Down, ambayo daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza mwaka 1866 na ambayo chanzo chake, kromosomu ya ziada ya 21, kilibainishwa mwaka 1959, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, malaria inayopanda kichwani, na upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito. Katika wilaya ambayo mama mwenye uchungu anaweza kulazimika kusafirishwa mwendo mrefu hadi kuifikia Hospitali ya Wasso, baadhi ya vyanzo hivyo vinajulikana vizuri na wakunga kuliko na wapanga bajeti.

Samunge si jina geni masikioni mwenu. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa hapo kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga kwa shilingi 500, na maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na mbali zaidi walimwendea, wakiwamo watoto waliobebwa na wazazi wao, hata foleni ya magari ikaenea kwa kilomita nyingi porini. Viongozi wa ngazi za juu walifika, askari wakapangwa kusimamia foleni, na wataalamu wa afya wakatumwa kuichunguza dawa. Mchungaji Mwasapile alifariki dunia tarehe 30 Julai 2021, na si kazi ya barua hii kukihukumu kikombe chake. Linalosemwa hapa ni kwamba mwaka ule dola ilithibitisha kuwa Samunge inafikika pale inapoamuliwa ifikiwe. Ulemavu wa akili hauponi kwa kikombe, sindano wala kidonge. Mtoto mwenye ulemavu huo hufundishwa, na mafundisho hayo hutolewa kidogo kidogo, kila siku, mahali anapoishi. Uamuzi wa aina ile wa 2011, safari hii kwa ajili ya darasa, ndio unaodaiwa, kwa hoja zifuatazo.

1. Watoto hawa hupewa penseli kabla mwili haujawa tayari kuishika.

Mwili wa mtoto hukomaa kwa utaratibu unaojulikana: utawala wa misuli huanza kichwani na kuteremka miguuni, na huanza kiwiliwilini na kwenda nje kuelekea vidoleni. Kwanza mtoto huinua kichwa, kisha hukaa, kisha husimama. Kwanza huutawala mgongo na bega, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mkono, na mwisho kabisa ncha za kidole gumba na cha shahada zinazokutana kuokota punje ya maharage. Wataalamu hugawa stadi hizo mafungu mawili: stadi za misuli mikubwa, zinazohusu kukaa, kutembea, kuruka na kurusha, na stadi za misuli midogo, zinazohusu kazi za vidole kama kufunga kifungo au kuandika. Fungu la pili husimama juu ya la kwanza. Watoto wengi huanza kutembea wenyewe kati ya umri wa miezi 8 na 18, lakini mtoto mwenye sindromu ya Down, ambaye misuli yake kwa kawaida ni legevu, mara nyingi hufikisha miaka 2 ndipo atembee, na hata baada ya hapo kiwiliwili chake huendelea kuwa dhaifu kwa muda mrefu.

Mtoto wa namna hiyo anapoingia darasa la kwanza na kuketishwa kwenye dawati refu lililotengenezwa kwa ajili ya mwingine, miguu yake ikining'inia, hutumia mkono mmoja kujizuia asianguke na kifua chake huegemea meza. Mkono unaobaki hauna bega imara la kuuongoza. Hapo ndipo anapoambiwa aandike herufi. Mkazo wa kitaifa juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, una sababu zake njema, na hakuna anayedai watoto hawa wasifundishwe kusoma. Lakini pale mwalimu anapopimwa kwa KKK peke yake, hana sababu ya kutumia mwaka mzima kuimarisha mgongo wa mtoto mmoja, hata kama anajua kwamba bila mgongo huo herufi haitaandikika. Matokeo yake ni kwamba mtoto hutangazwa kuwa ameshindwa, ilhali kilichoshindwa ni mpangilio wa mafundisho. Hilo ni kosa la mfumo, na linarekebishwa na wanaoandika mihtasari ya masomo, si na mtoto.

Wala njia ya kufika kwenye penseli haikosekani kijijini. Watoto wa Tanzania wanaocheza mdako hurusha kijiwe hewani, hukomba vijiwe vingine kutoka shimoni kabla hakijaanguka, kisha hukidaka. Ndani ya mchezo huo mmoja kuna kulenga kwa jicho, kupima nguvu ya mkono, kukunja vidole na kuviachia kwa wakati. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hawezi kuanza na kijiwe kinachopaa, lakini anaweza kuanza na kukomba tu, kisha kuokota kimoja kimoja, kisha kurusha kifuko cha mchanga ambacho hakikimbii kinapoanguka. Kupukuchua mahindi, kuchambua maharage na kusokota kamba ni masomo ya vidole ambayo hayajawahi kuandikwa kwenye andalio la somo.

2. Kinachoitwa mafundisho ya viungo mara nyingi ni kuwaacha watoto uwanjani.

Mtoto asiye na ulemavu hujifunza mengi kwa kuangalia na kuiga. Anamwona kaka yake akiruka mfereji, naye anajaribu, anaanguka, anarekebisha. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hupata shida hasa katika kazi hiyo ya kuangalia, kukumbuka mfuatano na kujirekebisha, kwa hiyo anapoachwa "acheze" hukaa pembeni, au hurudia tendo moja lisilomwendeleza. Anahitaji kufundishwa waziwazi kile ambacho wenzake hukiokota njiani. Njia ya kufanya hivyo huitwa uchanganuzi wa kazi, maana yake ni kulivunja tendo moja katika hatua ndogo zinazofuatana na kuzifundisha moja baada ya nyingine, na haina fumbo lolote.

Kibuyu chirizi, ambacho shule nyingi zisizo na bomba zinakitumia kunawia mikono, kinafaa kuwa mfano kwa sababu kipo na hakigharimu kitu. Dumu la maji huning'inizwa kwenye mti wa mlalo, kamba hufungwa shingoni mwake na kuteremshwa hadi kwenye kijiti kilicho karibu na ardhi. Anayenawa hukanyaga kijiti, dumu huinama, maji huchirizika. Kwa mtu mzima hilo ni jambo la sekunde chache. Kwa mtoto anayezungumziwa hapa ni kazi yenye hatua zisizopungua kumi: kufika na kusimama kwa umbali unaofaa, kuhamishia uzito wa mwili kwenye mguu mmoja, kunyanyua mguu wa pili, kukanyaga kijiti bila kuyumba, kuendelea kukikanyaga huku mikono yote miwili ikiwa mbele, kulowanisha viganja, kushika sabuni inayoteleza, kusugua, kusuuza, kuachia kijiti, na kukung'uta maji. Mguu unafanya kazi yake wakati mikono inafanya yake, na jicho linatakiwa kuangalia mikono bila mguu kusahau wajibu wake. Mwalimu anayejua kuzitazama hatua hizo atagundua kwamba mtoto aliyesemwa kuwa "hataki kunawa" anakwama mahali pamoja tu, pengine pale pa kusimama kwa mguu mmoja, na atajua la kufundisha siku hiyo.

Tena inafaa mara nyingi kuanzia mwisho. Mwalimu humsaidia mtoto katika hatua zote na kumwachia ya mwisho peke yake, yaani kukung'uta mikono, ili kila jaribio liishe kwa mtoto mwenyewe kukamilisha kazi. Akiimudu, huachiwa mbili za mwisho, kisha tatu, mpaka afike mwanzo. Msaada nao hupunguzwa kwa mpango: leo mwalimu anashika mkono wa mtoto ndani ya mkono wake, wiki ijayo anagusa kiwiko tu, baadaye anaonyesha kwa kidole, baadaye neno moja, na mwisho ananyamaza. Msaada usiopunguzwa humfundisha mtoto kusubiri. Vilevile dakika 15 za kila siku zina faida kuliko saa mbili za Ijumaa, kwa sababu mtoto huyu husahau haraka anachokijifunza kwa nadra; na alichokiweza shuleni lazima kirudiwe nyumbani kwa chombo kingine na mtu mwingine, la sivyo kitabaki kuwa stadi ya pale shuleni peke yake.

Maarifa haya si mapya wala hayajaletwa na teknolojia ghali. Mfaransa Édouard Séguin aliyafanyia kazi karibu miaka 180 iliyopita, akiendeleza majaribio ya daktari Jean Itard wa Paris, na alisisitiza kwamba mafundisho ya mtoto mwenye ulemavu wa akili yaanzie kwenye misuli na milango ya fahamu. Maria Montessori wa Italia alisoma kazi zao, akazitumia kwanza kwa watoto wenye ulemavu wa akili, na ndipo mwaka 1907 alipofungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini huko Roma. Leo hii Tanzania ina vyuo vya makanisa vinavyoandaa walimu wa awali kwa njia ya Montessori, na fremu za kufundishia kufunga vifungo na kamba zimo katika shule za wazazi wenye uwezo mijini. Njia iliyobuniwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu imewafikia kwanza wasio nao, na hilo linastahili kuwasumbua wanaopanga elimu.

3. Amri za mwili hutolewa kwa lugha ambayo mtoto hajaijua.

Watu wa Samunge ni Wasonjo, wanaojiita pia Watemi, na mtoto wao hukua akisikia lugha yao kabla ya Kiswahili. Mtoto mwenye ulemavu wa akili huchelewa kujifunza lugha ya kwanza, sembuse ya pili. Anapoambiwa "simama kwa mguu mmoja" na asisimame, hakuna awezaye kusema kama kilichoshindwa ni mguu au sikio, na upimaji unaofanywa hivyo hauna thamani. Kiswahili kitaendelea kuwa lugha ya shule. Lakini maneno machache ya mwili, kama vile shika, achia, ruka, simama na polepole, yaruhusiwe kutumika kwa lugha ya nyumbani, na mwalimu mgeni asaidiwe na mzazi au kijana wa kijiji anayeyajua.

4. Mwalimu aliyefunzwa hafiki Samunge, na akifika hakai.

Mkoa wa Arusha una bahati ambayo mikoa mingi haina: Chuo cha Ualimu Patandi, kilichopo Tengeru, ndicho chuo cha serikali kinachojulikana nchi nzima kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Chuo hicho na Samunge viko katika mkoa mmoja. Hata hivyo mwalimu mwenye taaluma hiyo huhitajika kila mahali, vitengo maalumu, yaani madarasa ya watoto wenye ulemavu ndani ya shule za msingi za kawaida, huwa rahisi kuanzishwa mijini kuliko vijijini, na mwalimu anayepelekwa mbali peke yake, bila nyumba, bila mwenzake wa kushauriana naye na bila vifaa, hutafuta uhamisho. Hakuna haja ya kumlaumu. Lawama ni ya utaratibu unaompeleka mmoja pale panapohitajika wawili, na unaomhesabu kama mwalimu wa kawaida anayeweza kupewa vipindi vya hisabati vya darasa la sita.

5. Huduma ya utengamao, yaani kumsaidia mtu arudishe au ajenge uwezo wa mwili, imefanywa kuwa safari ya mjini.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaeleza katika ibara ya 26 kwamba huduma hizo zianze mapema iwezekanavyo na zipatikane karibu iwezekanavyo na jamii za wahusika, vijijini kukiwamo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, nayo inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu ya kupata elimu. Maandishi yapo. Lakini mzazi wa Samunge anayetaka mtoto wake aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mwili kwa mazoezi, hutazama upande wa Arusha mjini, Monduli au Moshi, ambako Hospitali ya KCMC hufundisha wataalamu hao. Nauli, chakula na siku za shamba zilizopotea humfanya aende mara moja na asirudi, ilhali mazoezi ya aina hiyo hayana maana yakifanywa mara moja. Kinachohitajika ni mtaalamu afike kijijini mara chache kwa mwaka kumpima mtoto na kumwelekeza mwalimu na mama, nao waendeleze kazi siku zote zinazobaki. Lami iliyojengwa kati ya Wasso na Sale imekwisha kuondoa sehemu ya udhuru wa barabara.

Kuhusu vifaa, hoja ya uhaba wa fedha haina nguvu kubwa. Nchini Zimbabwe, Bevill Packer alibuni njia ya kutengeneza viti na meza imara za watoto wenye ulemavu kwa maboksi na karatasi zilizotumika, zikiunganishwa kwa uji wa unga na kukaushwa. Viti hivyo hupimwa kwa mwili wa mtoto mmoja mmoja, na njia hiyo imesambaa katika nchi nyingi. Kiti cha kona, ambacho migongo yake miwili hukutana kama pembe ya chumba ili mabega ya mtoto yasianguke nyuma, seremala yeyote wa Samunge anaweza kukitengeneza kwa mbao. Gogo lililolazwa chini ni la kufundishia kutembea kwa uwiano, tairi kuukuu ni la kuruka ndani na nje, na fito mbili zilizosimikwa sambamba kwa kimo cha kiuno cha mtoto ni za kujishikilia anapojifunza kutembea.

6. Michezo ya shule huwafanya watoto hawa kuwa watazamaji.

Ibara ya 30 ya mkataba huohuo inataja haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo sawa na wenzao, ikiwamo ile ya shuleni. Michezo ya Olimpiki Maalumu, iliyoanzia Chicago tarehe 20 Julai 1968 kwa juhudi za Eunice Kennedy Shriver, ina hata programu ya mazoezi ya viungo kwa wale ambao ulemavu wao ni mkubwa kiasi cha kutoweza kushindana. Shuleni, mchezo wa rede unaweza kuchezwa kwa mpira wa matambara unaokwenda polepole, na mwenye ulemavu akapewa nafasi ya kurusha kwanza. Sharti ni mwalimu aamue.

7. Usalama haujaandikiwa mwongozo wowote unaomfikia mwalimu wa kijijini.

Baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down wana viungio legevu kwenye pingili za juu za shingo, na kwa hiyo kupiga kichwangomba au kubinuka kunaweza kuwaumiza vibaya uti wa mgongo. Hawapaswi kufundishwa mazoezi hayo kabla ya kuonwa na daktari. Kifafa pia huandamana mara kwa mara na ulemavu wa akili, na mtoto mwenye kifafa hawezi kuachwa peke yake karibu na moto au kwenye mfereji wenye maji. Mambo haya mawili yangeandikwa kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya mwalimu mkuu.

8. Nyumbani kumeachwa nje ya mpango, na hasa mama ameachwa peke yake.

Stadi za viungo haziishii kwenye mchezo. Mtoto asiyeweza kuchuchumaa na kuinuka hawezi kutumia choo cha shimo, na asiyetumia choo hurudishwa nyumbani na shule hata pale sheria inapomkubali. Akiwa nyumbani, mtu mmoja lazima abaki naye, na mtu huyo karibu kila mara ni mama au dada, ambaye shamba lake linakosa mikono na masomo yake yanakatika. Wengine, kwa kukosa msaada, humfungia mtoto ndani na kwenda kazini. Mtoto asiyejua kuvaa na kujisafisha mwenyewe anapokuwa kijana, hasa binti, anategemea mikono ya kila anayepita karibu yake, na hatari zinazotokana na hilo hazihitaji kuelezwa kwa viongozi wenye mabinti.

Samunge ina mazingira ambayo mpangaji makini angeyashukuru. Tofauti na jirani zao Wamasai, ambao maboma yao yametawanyika, Wasonjo tangu zamani wamejenga vijiji vyenye nyumba zilizosongamana, na wamelima kwa maji ya mifereji yanayogawanywa kwa zamu chini ya wazee waitwao wenamiji. Mtafiti Robert Gray aliandika habari zao katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1963. Maana yake ni kwamba watoto wanaoishi karibu wanaweza kukusanywa kwa miguu kila asubuhi, na kwamba jamii hii inajua kushika zamu na kuwajibishana bila kusubiri posho. Jamii inayoweza kugawana maji kwa saa inaweza kupanga zamu ya wazazi wa kumsaidia mwalimu, endapo wazee wataitwa na kuelezwa. Kwa vijiji vya Wamasai na vile vya bonde la Eyasi wilayani Karatu, ambako makazi yako mbalimbali, mpango uwe tofauti: mwalimu mwenye pikipiki na orodha ya kaya, anayepita kwa ratiba inayojulikana.

Kutokana na hoja hizo, Waheshimiwa, mnaombwa yafuatayo, kila mmoja kwa mamlaka yake.

Taasisi ya Elimu Tanzania iandae mwongozo mwepesi wa kufundishia stadi za viungo kwa watoto wenye ulemavu wa akili, wenye michoro, hatua na tahadhari, unaotumia vitu vinavyopatikana kijijini, na iuweke katika mihtasari kama somo lenye vipindi vya kila siku. Wizara ya Elimu iagize wathibiti ubora wa shule kukagua daftari la maendeleo la kila mtoto mwenye ulemavu, ambamo itaonekana alianza wapi na amefika wapi, badala ya kuuliza tu kama anajua herufi. Tena iruhusu na kugharimia wanachuo wa Patandi kufanya mazoezi yao ya kufundisha katika shule za Ngorongoro, wakienda kwa makundi. Ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa iwapange walimu wawili wa elimu maalumu, si mmoja, katika shule moja ya msingi itakayoteuliwa kuhudumia Samunge na vijiji vinavyoizunguka, na iwalinde wasigeuzwe kuwa walimu wa kuziba mapengo.

Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro, ambayo kreta yake huvutia wageni wa dunia nzima, itenge katika mapato yake ya ndani kifungu kinachoonekana kwa jina lake kwa ajili ya nyumba ya walimu hao, choo chenye vishikio, seremala wa viti, na safari za mtaalamu wa fiziotherapia. Ianze na kuwatambua watoto: maofisa ustawi wa jamii, watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya wapite nyumba kwa nyumba, kwa staha, wakiwa na jibu la kuwapa wazazi watakaokubali kuwatoa watoto wao nje. Kuhesabu watoto bila kuwa na pa kuwapeleka kutawafanya wazazi wafunge milango zaidi, na safari ya pili milango hiyo haitafunguliwa. Halmashauri ya Karatu inaombwa ishirikiane nayo, maana mtaalamu mmoja anaweza kuhudumia wilaya mbili endapo gari na ratiba vitapangwa pamoja.

Muda ni sehemu ya ombi hili. Mtoto wa miaka 4 bado hubebwa mgongoni na mama yake hadi mtoni na kurudi. Akifika miaka 12 bila kufundishwa kusimama na kutembea vizuri, habebeki tena, na mama aliyembeba atakuwa amezeeka kwa miaka hiyohiyo. Mwaka mmoja wa bajeti unaoahirishwa ofisini ni mwaka wa misuli usiorudi kwa mtoto. Kwa hiyo mnaombwa kutoa jibu la maandishi, litakalosomwa katika mkutano mkuu wa kijiji cha Samunge kabla shule hazijafunguliwa Januari, likieleza ni shule ipi imeteuliwa, ni walimu gani wamepangwa, na ni lini kipindi cha kwanza kitafundishwa.